Miguu Themanini ya Mahari ya Gladness

Kashindye Maige,
Kisesa, upande wa mnadani,
Mwanza.

Kwa Mhariri wa kitabu cha hisabati chenye jalada la kijani.

Ndugu Mhariri,

YAH: KITABU CHAKO KUNIONDOLEA NG'OMBE NA HESHIMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima, ingawa si kwa msaada wako.

Hatufahamiani, kwa hiyo nijitambulishe. Ni mfugaji wa hapa Kisesa. Zamani nilifanya kazi kiwandani Nyakato, nikastaafu, nikarudi kwa ng'ombe wangu. Nina mke mmoja, Paskazia, ambaye ameniomba nisikuandikie. Nakuandikia.

Binti yetu mkubwa, Gladness, ni muuguzi katika zahanati moja huko Kirumba. Mwaka huu alituletea mchumba: kijana wa Kihaya anaitwa Venant, mwalimu wa hisabati wa sekondari. Siku ya kujitambulisha alikuja moja kwa moja kutoka darasani, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa shati. Aliamkia vizuri, akala vizuri, akaaga vizuri, akasahau kitabu kwenye kiti. Kitabu chenyewe ndicho hicho chako.

Mimi sikuwa na nia mbaya nacho. Nilikichukua malishoni ili nikikalie, maana majani yalikuwa na umande. Lakini mtu hawezi kukaa juu ya kitabu asubuhi nzima bila kukifungua. Nikafungua penye fumbo lako la banda. Unalikumbuka: banda lina kuku na mbuzi, vichwa jumla ishirini, miguu jumla hamsini na sita, je, kuku ni wangapi na mbuzi ni wangapi? Chini yake ukaeleza kwa upole kabisa. Kuku tumwite k, mbuzi tumwite m. Mlinganyo wa kwanza ni wa vichwa, wa pili ni wa miguu. Wanyama wote wapewe kwanza miguu miwili miwili, inakuwa arobaini. Inayobaki kumi na sita ni ya mbuzi peke yao, miwili kwa kila mmoja. Basi mbuzi ni wanane na kuku kumi na wawili. Ndugu Mhariri, nilipoliona jibu linatoka lenyewe kama mtoto anayetoka mafichoni, nilicheka kwa sauti hadi ng'ombe wakainua vichwa kunitazama.

Hapo ndipo uliponiponza. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kitabu chako hakitoi onyo lolote kuhusu kuku.

Desturi yetu mahari hutajwa waziwazi, watu wakabishana, wakapunguziana, wakala. Mimi nikasema hapana. Huyu ni mwalimu, nitamtajia mahari kwa lugha yake. Pia, na hili naliweka hapa kwa sababu barua ni ya ukweli, nilitaka ndugu zetu Wahaya waone kwamba hata Kisesa watu wanasoma. Ni watani wetu. Wakipata nafasi hawatuachii hata sekunde.

Nilitaka ng'ombe kumi na sita na mbuzi wanne. Kuku niliwatoa kwenye fumbo, kwa kuwa hakuna baba mwenye akili timamu anayeozesha muuguzi kwa kuku. Mahali pao nikaweka ng'ombe. Kisha nikapiga hesabu kwa uangalifu: ng'ombe kumi na sita wana miguu sitini na minne, mbuzi wanne wana kumi na sita, jumla themanini. Nikarudia mara ya pili kwa kijiti mchangani. Themanini ile ile.

Siku ya kikao, wazee walipokwisha kukaa, nikasimama. Upande wa kijana mshenga alikuwa baba yake mdogo, Revocatus, mtu mrefu, mwenye suti, anayeongea Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari. Nikasema, "Nataka ng'ombe na mbuzi. Vichwa ishirini. Miguu themanini. Idadi ya kila mnyama mtaitafuta wenyewe. Mkileta jibu, mmeoa."

Wazee wangu wakapiga makofi. Venant akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Baba, samahani sana. Hilo fumbo lina tatizo kidogo."

"Kijana," nikamwambia, "hapa si darasani kwako."

"Ni kweli, Baba, lakini sentensi zako mbili..."

Revocatus akamwekea mkono begani. "Mwache mzee," akasema. "Mzee ametamka, na wazee wenzake wamesikia. Sisi tumekubali kama yalivyo." Kisha akainamisha uso kwenye leso yake na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani ameguswa na uzito wa shughuli.

2. Kitabu chako kilileta mbuzi kumi na tisa katika boma langu.

Walikuja Jumamosi, kwenye Fuso, na nderemo. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa alitangulia ng'ombe mmoja, dume jembamba lenye uso wa huzuni. Nikasubiri wenzake. Akaruka mbuzi. Akaruka mwingine. Wakaendelea kuruka, Ndugu Mhariri, hadi uwanja ukajaa. Mara walikuwa wameshaingia kwenye matembele ya Paskazia, na mmoja alikuwa anatafuna kona ya kitenge alichokianika kwa ajili ya siku hiyohiyo.

"Ng'ombe wako wapi?" nikauliza.

"Yule pale," Revocatus akasema, akimwonyesha kwa heshima zote. "Mzee Kashindye, hesabu vichwa."

Vilikuwa ishirini.

"Sasa hesabu miguu."

Walihesabu wazee wangu mwenyewe, wale niliowaalika ili waniheshimu. Mmoja alikuwa anashika miguu ya mbuzi mmoja baada ya mwingine asije akadanganywa. Themanini.

Nikasema jibu ni ng'ombe kumi na sita na mbuzi wanne. Revocatus akasema hilo nalo ni jibu, zuri tu, ila wao wamechagua lingine. Nikamgeukia Venant. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake, amefadhaika kuliko mimi.

"Baba, ndicho nilichotaka kusema siku ile," akasema. "Ng'ombe ana miguu minne na mbuzi ana minne. Ukishasema vichwa ishirini, miguu themanini inakuja yenyewe. Umesema jambo moja mara mbili. Vitu viwili visivyojulikana vinataka sentensi mbili, na ya pili lazima ilete habari mpya. Kuku ndiye aliyekuwa analeta habari mpya, kwa kuwa yeye ana miwili."

Nauliza kwa adabu: kwa nini maneno hayo nimeyasikia kwa kijana aliyekuja kuniolea binti, tena mbele ya mbuzi, na siyo katika ukurasa wako? Ungeandika tu mstari mmoja, "Ndugu msomaji, usimguse kuku," nami leo nisingekuwa nakusumbua.

3. Kitabu chako kinaficha nusu za wanyama.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kushindwa, niliwarudishia mbuzi wao na kutangaza fumbo la pili. Safari hii nilihakikisha sentensi hazirudiani. Nikasema, "Vichwa ishirini, na ng'ombe wawazidi mbuzi kwa watano." Hiyo ni habari mpya au siyo? Ni mpya kabisa. Hata Venant alikubali kwamba ni mpya. Ila alikuna kichwa, akasema, "Baba, ungeniruhusu nikuchoree chini..." Nikamwambia achore kwake.

Siku ya pili yake akaja Muharami, jirani yangu mwenye bucha, amekunja uso.

"Mzee Kashindye, kuna mtu mwenye suti amekuja kuagiza nusu ng'ombe kwa ajili ya mahari yako. Anauliza wewe unapendelea nusu ya mbele au ya nyuma."

Nikadhani ni utani. Nikachukua kijiti. Ukiwatoa kwanza wale watano wa ziada wanabaki kumi na watano, ambao lazima wagawanywe sawasawa kati ya ng'ombe na mbuzi. Saba na nusu kwa saba na nusu. Ng'ombe kumi na wawili na nusu, Ndugu Mhariri, na mbuzi saba na nusu. Muharami akasema kwa upande wake haoni shida, mbuzi atampasua bila malipo, kwa ujirani.

Katika kitabu chako chote sikukuta hata kuku mmoja aliyepasuliwa. Majibu yako yote ni wazima, wana vichwa, wana mikia. Kumbe mnawachagua! Mnakaa ofisini, mnaanza na jibu, mnarudi nyuma kutunga swali, halafu mnatuacha sisi wananchi tuamini kwamba dunia hujibu kwa namba nzima. Huo ni udanganyifu, na nausema kwa heshima.

4. Kitabu chako kimefanya nionekane sijui idadi ya miguu ya mbuzi.

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu mbuzi nimewachunga tangu sijaota meno ya ukubwani. Baada ya aibu ya bucha nikakaa peke yangu na kufikiri hivi: ng'ombe ni mkubwa, mbuzi ni mdogo, mara ya kwanza nilidai miguu michache, ndiyo maana nikaletewa wadogo. Dawa ni kuongeza miguu. Nikapeleka ujumbe kwa Revocatus, anayeishi Nyakato: vichwa ishirini, miguu mia moja, na safari hii sitaki mzaha.

Alinijibu kwa simu, na alipaza sauti ili, nadhani, wenzake waliokuwa karibu wasikose neno. "Mzee mwenzangu, tumezunguka minada yote. Mbuzi wa miguu mitano hayupo, na ng'ombe wa miguu mitano tumeambiwa alikuwepo Sengerema lakini ameshatolewa mahari. Tunaomba utupunguzie mguu mmoja kwa kila mnyama."

Kicheko kilichofuata nilikisikia hata baada ya kukata simu.

Sasa tazama ulichofanya. Kwa fumbo moja nilipata majibu mengi kupita kiasi. Kwa la pili nikapata jibu moja, lakini la bucha. Kwa la tatu sikupata jibu lolote duniani. Na yote matatu yalitamkwa na mtu yuleyule, kwa sauti ileile, kwa imani ileile. Kitabu kinachoweza kumfanyia hivyo mzee mmoja kwa muda mfupi namna hiyo kinafaa kuwekwa kwenye kabati lenye kufuli, pamoja na dawa za kuogeshea mifugo.

5. Kitabu chako kilimliza binti yangu.

Hapa naomba usicheke, maana hapa mimi mwenyewe sikucheka. Habari za mbuzi wa miguu mitano zilifika Kirumba, zikaingia mpaka zahanati. Wagonjwa wakawa wanamuuliza Gladness anapowachoma sindano: wewe ndiye yule wa miguu mia? Ndugu wa Venant, upande wa mama, wakaanza kusema huyu mzee hataki kuozesha, anatafuta njia ya kukataa bila kukataa. Wakamshauri kijana atazame kwingine.

Gladness akaja nyumbani akiwa na sare yake ya kazi. Hakukaa. Alisema "shikamoo Baba," nikasema "marahaba," akasimama pale mlangoni.

"Baba, wewe unampenda Venant au humpendi?"

"Nampenda," nikasema. "Ni kijana mzuri. Kasoro yake ni hisabati."

"Basi kwa nini unampa swali lisilo na jibu? Mtu anayempa mwenzake swali lisilo na jibu ameshamjibu. Wao wanaelewa umesema hapana."

Nikamweleza kwamba sikusudii hapana, ni hesabu tu zimenikatalia. Machozi yakamtoka. Akasema, "Katika vichwa ishirini vyako vyote hivyo, Baba, changu hukukihesabu hata mara moja."

Ndugu Mhariri, nimesoma kitabu chako kuanzia jalada mpaka jalada, na sikuona mahali panapofundisha mtu ajibu nini akiambiwa hivyo. Nilitoka nikaenda kusimama kwa ng'ombe. Nao walikuwa wananitazama kama Revocatus.

6. Na la mwisho: kitabu chako kimemfanya mke wangu aonekane ana akili kuliko mimi, jambo ambalo tulikuwa tumeliweka siri kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Nilipokuwa kule nje, Paskazia alichukua simu yangu mezani akampigia Revocatus. Hakutumia herufi yoyote. Alisema, "Shemeji, huyu ni mama Gladness. Leteni ng'ombe kumi na wawili na mbuzi wanane. Wazima, wa miguu minne. Mkiona ni wengi semeni sasa hivi." Revocatus akasema ng'ombe kumi. Paskazia akasema kumi na mmoja, na utani wa miguu mitano ukome. Revocatus akasema, "Umekoma, mama." Wakaagana. Niliporudi ndani uji wangu ulikuwa bado wa moto.

"Umepigaje hiyo hesabu?" nikamuuliza.

"Nimewaambia tunachotaka," akasema, "nao wamesema walicho nacho. Hizo ndizo sentensi zako mbili."

Harusi ilifanyika. Ng'ombe walikuja kumi na mmoja, mbuzi wanane, na Revocatus alinikumbatia mbele ya watu wote akaniita Profesa, jina ambalo sasa linanifuata hadi kwenye josho. Gladness alicheka siku nzima. Aliponiaga aliinama, akaniambia sikioni kwamba amenisamehe, lakini nisitunge tena. Wamepanga nyumba Kirumba, wanaishi kwa amani.

Lakini amani yao si hoja. Hoja ni wewe. Kwa madhara hayo yote naomba yafuatayo, na nadhani utaona kwamba sijazidisha.

Kwanza, katika ukurasa wa fumbo la banda, iandikwe kwa wino mwekundu kwamba kuku hawezi kubadilishwa na mnyama mwingine yeyote bila idhini ya daktari wa mifugo.

Pili, kwa kuwa chanzo cha matatizo ni ng'ombe na mbuzi kuwa na miguu sawa, wahusika wakutane na wafugaji tukubaliane ni yupi apunguziwe. Wafugaji wa hapa tuko tayari kumtoa mbuzi.

Tatu, kama hilo litachelewa, mafumbo yote ya milinganyo miwili yaondolewe mashuleni, na watoto wafundishwe mlinganyo mmoja tu, ambao kila mtu anaweza kuujibu apendavyo na hakuna anayeaibika.

Nne, na kama hilo nalo litashindikana, somo zima la hisabati lisimamishwe nchi nzima hadi nitakapoacha kuitwa Profesa.

Nimalizie kwa kukusalimia wewe na nyumba yako. Nisalimie mwenzi wako, watoto, wazazi kama bado unao, mlinzi wa getini kwenu, mama anayewapikia chai, na vijana wa mitambo wanaochapa hizo k na m bila kujua zinakoelekea. Paskazia anakusalimu pia, anasema usitujibu.

Wako katika masikitiko yenye adabu,

Kashindye Maige
(Mzazi)

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena, ndiyo maana unaiona imechanika. Kijana wangu Paulo amerudi jana kutoka Ukerewe, anasema amepata mchumba, na Jumamosi ijayo mimi ndiye ninayekwenda kuposa. Baba wa binti ni mzee mmoja mkali. Inasemekana atataka ng'ombe watupu, ishirini. Lakini nimedokezwa pia kwamba anapenda sana mafumbo, ni mtu wa kujiamini, na hisabati hajaisoma. Kwa hiyo naomba yale maombi yangu manne uyaweke pembeni kwanza, hasa lile la wino mwekundu, na unitumie haraka nakala moja mpya ya kitabu, safi, nimpelekee kama zawadi. Ukiweza, kunja ule ukurasa wa banda ili auone upesi. Mimi nitakaa kimya, na nikishindwa kujizuia, leso ninayo.